Msitupangulie ratiba, nauli hairudi

Kwa shabiki anayeifuata timu yake mkoani, tiketi ya mzunguko ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Piga hesabu mwenyewe: Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Hapo kuna nauli ya kwenda na kurudi, gesti, msosi na siku za kazi zinazopotea. Bukoba ndiyo usiseme.

Pamoja na hayo, watu wanakwenda. Wanachangishana kwenye matawi, wanakodi Coaster, wanakesha njiani wakiimba. Umbali wameshauzoea. Kinachowaumiza ni ratiba.

Machi 8, 2025 mechi ya Yanga na Simba iliahirishwa siku ileile ya mchezo, watu wa mikoani wakiwa wameshaingia Dar. Ikaja kuchezwa Juni 25. Tiketi unaweza kuambiwa utaitumia siku nyingine. Nauli je, nani anairudisha?

Uingereza, tangu msimu wa 2016/17, tiketi ya shabiki mgeni kwenye Ligi Kuu haizidi pauni 30. Walikaa wakaona aliyesafiri anastahili kufikiriwa. Kwetu mzigo uko barabarani, basi tumsaidie hukohuko. Bodi ya Ligi itangaze tarehe mapema na isizipangue dakika za mwisho bila sababu nzito. Klabu nazo zikae na wenye mabasi, ziwatafutie wanachama wao punguzo.

Siku tukiona jukwaa la wageni tupu, tusiseme mashabiki wameisusa timu. Wameishiwa nauli.