KANISA CHANGA LISHUSHWE MGONGONI

Nimeshika kalamu niseme juu ya jambo ambalo huzungumzwa sana mabwenini baada ya taa kuzimwa, lakini ni nadra kuandikwa: ni nini hasa hulifanya kanisa changa likue?

Makanisa machanga yamejaa kila mahali. Tembea mjini Jumapili asubuhi utayaona. Moja liko chini ya hema, jingine limekodi darasa la nasari, na jingine liko ghorofani juu ya duka la misumari na mabati, waumini wanapanda ngazi moja na wateja wa kinyozi. Mashambani nako lipo la mabati lenye mabenchi manne. Hata Chama cha Wakristo cha shule ni kanisa changa kwa namna yake, maana kila mwaka watahiniwa huondoka na wageni huingia, na kazi huanza tena karibu mwanzo.

Sasa ukiwauliza wenyewe wanahitaji nini ili kanisa likue, wengi watakutajia vipaza sauti, kinanda, kiwanja na mhubiri mwenye jina. Mimi sivikatai vitu hivyo. Mvua ikinyesha, bati lina kazi yake bwana! Lakini maoni yangu ni kwamba kanisa changa hukua kwa imani iliyomo ndani ya waumini wenyewe, na imani hiyo huandaliwa mapema, kwa kuwashusha mgongoni na kuwapa kazi wangali wachanga. Udongo upate ungali maji, walisema wazee wetu. Kanisa lililozoea kubebwa na mtu mmoja, siku mtu huyo akiondoka litaketi chini lilie.

Ninaposema imani sisemi ile ya kupiga kelele na kuruka juu hadi shati lilowe jasho. Nasema kule kumtumaini Mungu kunakomfanya mtu atende lililo sawa hata pale ambapo mchungaji hamwoni. Imani ya namna hiyo haiazimwi. Kila mtu huwa na yake.

Tuanze na kanisa la Thesalonike, maana ni mojawapo ya makanisa machanga tunayoyajua vizuri. Kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 17, kinasimulia kwamba Paulo na Sila walifika katika mji huo wa Makedonia, na Paulo akajadiliana na watu katika sinagogi kwa Sabato tatu. Hata kama walikaa mjini muda mrefu kidogo kuliko hapo, hawakukaa sana. Fujo ilizuka, nyumba ya Yasoni ikavamiwa, Yasoni mwenyewe akatozwa dhamana, na usiku huohuo ndugu wakawatorosha wageni wao kwenda Beroya. Hebu fikiria! Kanisa halina jengo, halina mchungaji wa kudumu, na wakubwa wa mji wamelikasirikia. Mtu wa kawaida angesema, hapo hakuna kanisa tena.

Paulo hakuwasahau. Akiwa Athene alimtuma Timotheo arudi akaone kama imani yao bado iko hai, na Timotheo akarudi na habari njema. Ndipo Paulo akawaandikia waraka, yapata mwaka 50 au 51. Katika waraka huo anawaambia kwamba habari za imani yao zimeenea Makedonia na Akaya, hata yeye hana haja ya kuzisimulia. Angalia vizuri alichowaagiza: wafanye kazi kwa mikono yao, wawaheshimu wanaojitaabisha kati yao, wajengane wao kwa wao, na wapime kila jambo kabla ya kulishika. Hakuwaagiza wangoje mpaka arudi. Aliwapa kazi.

Labda kuna atakayesema, "Ah, hayo ni mambo ya kale, tena ya Ulaya." Basi twende hapa jirani, Uganda. Wamisionari wa Kiprotestanti walifika Buganda mwaka 1877, na mapadre Wakatoliki, wale walioitwa Mapadre Weupe, wakafika mwaka 1879. Mwezi wa Novemba 1882 mapadre hao waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, wakahamia kusini mwa Ziwa Victoria. Walirudi mwaka 1885, baada ya Kabaka Mutesa kufariki. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padre hata mmoja.

Je, waliporudi walikuta nini? Walikuta kanisa limekua! Katika jumba la kifalme Yosefu Mukasa Balikuddembe alikuwa akiwafundisha vijana na kuwalinda. Huko Mityana, Mathia Mulumba alikuwa amekusanya kundi, na miongoni mwao alikuwamo Noa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu. Hakuna aliyekuwa amesomea ukasisi. Walikuwa na mafundisho waliyoyapokea, wakayashika na kuyapitisha kwa wengine. Waprotestanti nao hawakulala. Mwaka 1885 walichagua baraza la wazee Waganda, ili wamisionari wakifukuzwa kanisa libaki na watu wa kuliongoza.

Nao mtihani haukukawia kuja. Mwezi wa Novemba 1885 Kabaka Mwanga aliamuru Yosefu Mukasa auawe, kwa kuwa alimlaumu kwa kuuawa kwa Askofu James Hannington huko Busoga. Karoli Lwanga akashika nafasi yake. Mwezi wa Mei 1886, usiku wa kuamkia kukamatwa kwao, ni huyo Lwanga, si padre, aliyewabatiza vijana waliokuwa bado hawajabatizwa, akiwemo Kizito, aliyekuwa mdogo kuliko wote. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wao walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Leo mahujaji humiminika huko kila tarehe 3 Juni, wengine wakitembea kwa miguu kutoka hapa Kenya. Wanafunzi wenzangu, wengi wa wale waliouawa walikuwa vijana wa rika letu au waliotuzidi kidogo tu. Kama wangalikuwa wamezoea kubebwa, moto ule ungalimaliza kila kitu. Badala yake, baada ya mateso kanisa la Buganda liliongezeka, na walimu wake wakatoka kwenda kufundisha mataifa mengine. Apolo Kivebulaya, Muganda, alifika Mboga huko Kongo mwaka 1896, akaitumikia kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 1933.

Isije mtu akadhani nasema kukua ni kujaza viti. Hapa kwetu Pwani, Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe na binti yake mchanga. Mwaka 1846 yeye na Rebmann walianza kituo cha Rabai. Rebmann alikaa huko hadi mwaka 1875, macho yakapofuka, na waliobatizwa katika miaka hiyo walikuwa wachache sana. Siku hizi mhubiri wa namna hiyo angeambiwa eti hana upako. Lakini Rabai haikufa. Mwaka 1885 William Jones, Mwafrika aliyekuwa mtumwa utotoni na kusomeshwa Bara Hindi, alipewa daraja la ushemasi na Askofu Hannington. Mwaka huohuo walisafiri pamoja kuelekea Uganda. Askofu alipotangulia akauawa, ni Jones aliyebaki na msafara mkubwa mahali tunapopaita Mumias leo, na ndiye aliyeurudisha hadi Rabai mwanzoni mwa 1886. Hebu piga hesabu ya njia hiyo kwa miguu! Mzungu kiongozi hayupo, habari ni za msiba, chakula ni cha shida, na Mwafrika huyo anaongoza. Mbegu ya Rabai ilichelewa kuota, lakini ilipoota ilikuwa na mizizi.

Sasa turudi kwenye hoja. Kanisa changa liandaliwe vipi? Kwanza, wafundishwe kusoma na kuuliza. Hili silisemi kwa mzaha. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili ya watu zaidi ya 400 ilifukuliwa, watoto wakiwamo. Wengi walikuwa wamefunga hadi kufa kwa njaa wakiamini kwamba hiyo ndiyo njia ya kumwona Yesu. Watu hao hawakukosa bidii. Walikosa kuzoezwa kupima. Watu wa Beroya, mji ule ambao Paulo alitoroshewa, wanasifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama anayosema Paulo ni kweli. Kama mtume alipimwa, sembuse mhubiri wa siku hizi? Mchungaji anayekasirika akiulizwa swali, jamani, mwogopeni.

Pili, kanisa lijifunze kujitegemea kwa mfuko. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Paulo alifanya kazi usiku na mchana asiwalemee Wathesalonike. Hapa Kenya, Mchungaji John Gatu, aliyekuwa katibu mkuu wa kanisa la PCEA, alisimama mbele ya Wakristo wa Marekani mwaka 1971 akapendekeza kwamba misaada ya wamisionari na pesa isimamishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Wengi walishtuka. Lakini kanisa lake lilishika neno moja la Kiswahili, Jitegemea, likaanza kuchanga. Shilingi kumi ya mama muuza mboga, aliyoitoa kwa hiari yake, humfanya alione kanisa kuwa lake. Akiona bati limetoboka hatamwandikia mfadhili barua. Atamwita fundi.

Tatu, wachanga wapewe kazi wangali wachanga. Hapo najua nitapingwa. Wapo wazee, na walezi wa vyama pia, wanaosema, "Hawa watoto wataharibu. Watafundisha mambo potofu." Hofu hiyo ina msingi, na Shakahola inatuonyesha jinsi mafundisho yanavyoweza kuua. Lakini tazameni dawa aliyotumia Paulo. Hakuwanyima kazi, wala hakuwaacha yatima. Alimtuma Timotheo akaangalie, na waliposhindwa kuelewa habari za marehemu na siku ya mwisho, aliwaandikia akawasahihisha kwa upole. Waliokuwa wameacha kazi na kukaa bure aliwakemea. Mama anayemfundisha mtoto kutembea humshusha chini, kisha akasimama karibu akiwa amenyoosha mikono. Ndivyo mzee wa kanisa anavyopaswa kuwa.

Nimalizie na hapa shuleni, maana si vyema kuhubiri Buganda na kuacha bwalo letu. Katika Vyama vya Wakristo vingi, mwenyekiti ni mtahiniwa, mhubiri ni mtahiniwa, anayeongoza nyimbo ni mtahiniwa, na ufunguo wa sanduku la vitabu uko mfukoni mwa mtahiniwa. Waliojiunga mwaka huu kazi yao ni kupanga viti na kusema "Amina". Mitihani ikiisha, wakubwa wanakwenda zao, na muhula wa kwanza unaofuata chama kinapepesuka kama mgonjwa. Halafu tunasema eti wanafunzi wa siku hizi hawana imani! Imani hiyo wangeifanyia wapi mazoezi?

Napendekeza hivi. Anayejiunga apewe zamu ya kusoma Neno na kulieleza kwa dakika tano kabla muhula haujaisha, na akikosea asahihishwe kwa heshima. Kila mwenye wadhifa awe na mdogo wake anayejifunza kazi hiyo, pesa zihesabiwe na wawili, na mambo yaandikwe katika daftari litakalobaki. Mhubiri mgeni akaribishwe, maana mgeni njoo mwenyeji apone, lakini asiwe chakula chetu cha kila Jumapili. Na chama kiwe na kazi nje ya lango la shule, hata kama ni kuwafundisha watoto wa Shule ya Jumapili jirani au kumtembelea mzee asiye na mtu wa kumtekea maji.

Wenzetu Waislamu na wengine msio Wakristo, najua mmesoma mkiwaza vyama vyenu. Si vibaya. Hata Chama cha Kiswahili kinaweza kufa kwa ugonjwa huohuo wa kumtegemea mwalimu mmoja na watahiniwa wawili.

Likizo ndefu inakuja, na huko nyumbani hakuna kengele ya ibada wala mwenyekiti wa kutuamsha. Kila mmoja wetu atajionea mwenyewe kama imani aliyo nayo ni yake au ni ya kuazima. Atakayenipinga asinisemee chooni. Ukurasa wa mwaka ujao ni wake. Mungu awabariki.