Subaru yako inanguruma, lakini mtungi wa kuzima moto uko wapi?

Wallahi vijana wa Garissa mnanichosha. Mwaka 2014 Porsche iliwaambia wenye 911 GT3, gari 785 dunia nzima, waziegeshe kabisa. Bolti zilikuwa zinalegea ndani ya injini, oili inamwagika, na mbili zilikuwa zimewaka. Zote zikabadilishiwa injini. Sisi je? Subaru ya mtumba, turbo imeongezwa presha, paipu ya petroli iliyopasuka imefungwa na raba ya tyubu, fyuzi ikiungua fundi anaweka waya. Na joto hili! Mpaka Mwingi mguu hautoki kwa mafuta. Ukiuliza mtungi: "Kwani hii ni matatu?" Hata mimi nilisema hivyo, hadi boneti ikafuka moshi mdogo wangu akiwa nyuma. Tulizima na mchanga.