NYUMBA NA UANI: NDEGE WAHARIBIFU PENYE CHAKULA CHA KUKU

Katika kambi na kota nyingi kila nyumba yenye ua mdogo hufuga kuku wachache kwa ajili ya mayai ya watoto na kitoweo cha mgeni. Aidha wako wazazi wanaowawekea ndege wadogo punje na maji ili watoto wao wajifunze kuwatambua. Yote mawili ni mambo mema. Lakini chakula kikimwagwa ovyo, hugeuka kuwa karamu ya ndege ambao hawakualikwa: kunguru huiba mayai na vifaranga, mwewe hushuka kutoka angani, na makundi ya mnana na shomoro humaliza pumba zilizonunuliwa kwa fedha ya mshahara.

Yafaa tujifunze kutokana na historia ya jirani zetu wa pwani. Kunguru wa Bara Hindi, mwenye shingo na kifua cha rangi ya majivu, hakuwa ndege wa Afrika Mashariki. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, ili asaidie kuondoa takataka za mji. Takataka hazikwisha, bali kunguru ndio walioongezeka. Mwaka 1947 alionekana Mombasa, na leo ameenea katika pwani ya Kenya na Tanzania na katika baadhi ya miji ya bara. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, hunyakua vifaranga, na hutoka jaani moja kwa moja hadi kwenye chakula cha watu. Mnamo Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru hao wapatao milioni 1. Hivyo ndivyo ndege aliyeletwa kuwa mtumishi alivyogeuka kuwa mzigo wa taifa.

Hapa Uganda kunguru tuliyemzoea ni mweusi mwenye ukosi na kifua cheupe. Huyo ni mwenyeji, wala si mvamizi, ijapokuwa naye ni mwizi. Lakini fundisho ni lile lile: ndege hufuata chakula. Anayetaka kumwondoa ndege, na aanze kwa kuondoa kinachomwita. Mambo yafuatayo yatamsaidia mwenye nyumba:

1. Pima chakula. Walishe kuku asubuhi na jioni, kiasi cha kumalizwa katika muda wa nusu saa. Kinachosalia kiondolewe. Usimwage nafaka chini na kuiacha kutwa.

2. Funika chombo. Kiweke chini ya paa fupi, ndani ya banda lililozungushiwa waya. Vifaranga wafunikwe kwa tenga pamoja na chakula chao, hasa katika majuma ya kwanza, kwani ndio wanaotamaniwa zaidi na mwewe na kunguru.

3. Kama unawalisha ndege wadogo, zungushia sahani yao kizimba cha waya chenye matundu ya sentimita 4 hivi. Mnana atapita, kunguru atabaki nje. Weka punje kidogo tu, wala usiweke nyama, ugali au mabaki ya samaki. Sahani na chombo cha maji vioshwe mara kwa mara, kwa maana kinyesi hueneza magonjwa.

4. Tunza takataka. Matumbo ya kuku, vichwa vya samaki na makombo ya jikoni yafukiwe, au yawekwe katika pipa lenye kifuniko. Jalala lililo wazi huwaita kunguru na kaloli kutoka mbali, na jitihada ya nyumba moja haitoshi ikiwa majirani kumi wanatupa nje. Jambo hili lafaa kuzungumzwa katika mkutano wa kambi.

5. Tumia vitisho kwa akili. Vipande vya kitambaa au vya bati linalong'aa huwafukuza ndege kwa siku chache, kisha huvizoea. Kwa hiyo vihamishwe mara kwa mara.

6. Wachanje kuku. Ndege wa porini waweza kuleta kideri. Chanjo ya I-2 hutolewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Mwulize bwana mifugo wa mahali pako.

Sasa twafika kwenye onyo. Askari mwenye silaha asithubutu kumfyatulia kunguru risasi katikati ya nyumba za watu. Risasi iliyomkosa ndege haijulikani itaishia wapi. Watoto nao wasiruhusiwe kurusha mawe karibu na madirisha na vichanga.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote ni sumu. Wapo wanaochanganya dawa ya wadudu na mahindi na kuyatandaza uani. Punje hiyo haichagui. Itamwua kuku wako, njiwa wa jirani na paka, na yaweza kumfikia mtoto atambaaye. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, ndege wametegwa kwa dawa ya namna hiyo na nyama yao ikauzwa kwa watu. Dawa maalumu wanayotumia wataalamu dhidi ya kunguru wa pwani hutolewa kwa uangalizi wao, baada ya kuwazoesha ndege kwa siku kadhaa chambo kisicho na sumu. Hiyo si kazi ya mtu binafsi.

Ukimwona kunguru mwenye shingo ya kijivu mahali usipopata kumwona zamani, toa taarifa kwa maofisa wa wanyamapori mapema, wangali wachache. Pwani walichelewa, na sasa wanahesabu kwa mamilioni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.