Baiskeli Ipimwe kwa Mpandaji



Naomba nafasi katika gazeti letu niseme habari ya baiskeli za chama cha michezo, maana jambo hili limeleta ubishi mwingi mabwenini muhula huu. Wako wasemao kwamba hatuwezi kushindana katika michezo mitatu, yaani kuogelea, baiskeli na mbio za miguu, mpaka tununuliwe baiskeli mpya. Mimi sikubaliani nao. Hizi tulizo nazo hatujazipima bado.

Masafa ya Olimpiki, tangu mchezo huu ulipoingizwa Sydney mwaka 2000, ni kuogelea kilomita moja na nusu, baiskeli kilomita 40, kisha kukimbia kilomita 10. Basi magoti yale yale yaliyokanyaga pedali ndiyo yatakayokimbia. Mwaka jana mwenzetu mmoja alituongoza sote kwa baiskeli, akashuka, akakimbia hatua kama mia mbili, kisha akaketi kando ya njia ameshika goti. Watu walisema hana mazoezi. Kumbe kiti chake kilikuwa chini mno, magoti yakikaribia kifua kila akanyagapo. Nilimwona siku zote, nisimwambie neno, kwa kuwa wakati ule nami sikujua.

Kosa hili ni la wengi wetu. Tulijifunzia baiskeli za baba zetu tukipitisha mguu chini ya paipu, na tangu hapo twapenda kiti kinachoruhusu miguu yote miwili kugusa ardhi.

Kiti hupimwa hivi. Vua viatu, simama ukutani, bana kitabu kigumu katikati ya miguu mpaka msambani, na mwenzako atie alama. Urefu toka sakafuni hadi alama uzidishe kwa 0.883. Jibu ndilo urefu toka katikati ya ekseli ya krenki hadi juu ya kiti. Wangu ni sentimita 80, kwa hiyo kiti changu chakaa kwenye 70 na nusu. Hesabu hii ilienezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu. Asiyependa hesabu na aegemeze baiskeli mlangoni, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kulala upande. Kisha apande nusu sentimita kwa siku, asiruke.

Wengine wataka usukani wenye mikono mirefu ya mbele, nao hunitajia huyo huyo LeMond, ambaye mwaka 1989 aliutumia siku ya mwisho akashinda kwa sekunde 8 tu. Ni kweli. Lakini ukiinama chini bila kusogeza kiti mbele, mapaja yatagonga tumbo na pumzi itakatika. Kwanza kiti, usukani baadaye. (Yule aliyefunga vipande vya mianzi namwomba avifungue, breki ziko mbali na mikono yake.)

Tena, fedha si kila kitu. Graeme Obree wa Uskoti alijiundia baiskeli kwa mikono yake, akatia ndani yake beringi za mashine ya kufulia nguo, na mwaka 1993 huko Hamar, Norway, akavunja rekodi ya dunia ya saa moja kwa kilomita 51 na mita 596. Aliiunda kuufuata mwili wake.

Walakini nakiri jambo moja. Fremu ikiwa kubwa kuliko mtu, hapana spana itakayoipunguza, na kwa wadogo wa Kidato cha I wenzangu wana haki kudai. Mwenye maumivu yasiyokwisha naye aende kwa daktari, asije kwangu.

Shida yetu kubwa ni kwamba baiskeli ni 4 na wapandaji ni 11, na kila mmoja huacha kiti alivyotaka yeye. Nashauri liwepo daftari moja la vipimo vya kila mtu, na futi ya fundi cherehani ifungwe mlangoni pa stoo. Jumamosi baada ya usafi nitakuwa chini ya mwembe na spana. Mwenzetu wa goti amesema atakuja wa kwanza.

Mwanafunzi, Kidato cha III