Elimu ya afya itangulie sindano

Mhariri,

Huduma ya mkoba ni kliniki inayowafuata wananchi wanaoishi mbali na zahanati. Wahudumu hubeba chanjo kwa pikipiki au gari, ndani ya kisanduku cha baridi chenye nyuzijoto 2 hadi 8. Mizani hutundikwa kwenye tawi la mwembe, mtoto hupimwa, kadi hujazwa. Nchini Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha 18. Dozi ya pili ndiyo inayokoswa zaidi. Elimu ya afya, kwa bahati mbaya, huachiwa dakika za mwisho, akina mama wakiwa wameshabeba watoto mgongoni. Ingefaa itolewe foleni ikisubiri: kunawa mikono, kuchemsha maji ya kunywa, kulala ndani ya chandarua chenye dawa, na dalili zinazodai mtoto afikishwe zahanati siku hiyohiyo.

Msomaji, Simanjiro