Shangingi la Nani, Mafuta ya Nani?

Siku za kazi, Mji wa Serikali pale Mtumba, Dodoma, hujaa magari ya serikali yenye namba za STK na STL, na mengi kati yake ni yale makubwa ya kifahari tuliyozoea kuyaita mashangingi. Jumamosi, mkurugenzi aliyeshushwa na Land Cruiser VX mlangoni pa wizara utamkuta sokoni na gari lake mwenyewe: RAV4 iliyotumika Japani, au IST. Injini ndogo, vipuri vimejaa Kariakoo, fundi yeyote wa mtaani analijua. Wapo wanaouita huo unafiki. Mimi naona mtu mwenye akili zake, anayejua bei ya mafuta.

Mjadala wetu kuhusu anasa za viongozi umekuwa wa maadili kwa muda mrefu. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, nyumba za kupangisha na hisa kwenye makampuni, na masharti hayo yakaja kulegezwa kwa azimio lililopitishwa Zanzibar mwaka 1991. Mizengo Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu, naye aliyasema mashangingi waziwazi. Makofi yalipigwa, magari yakaendelea kununuliwa. Kukemea roho ya mtu ni kazi ngumu. Kubadilisha mfuko unaolipa ni kazi ya kanuni na kalamu, na ndiko ninakotaka tuangalie.

Majirani wametupa mifano miwili. Juni 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha wa Kenya alitangaza katika bajeti kwamba magari ya maofisa wa serikali yasizidi ukubwa wa injini wa cc 1,800, na Volkswagen Passat zikanunuliwa kwa ajili ya mawaziri. Kwenye karatasi hesabu ilikaa vizuri. Mawaziri wengine walinuna, na haikuchukua miaka mingi magari makubwa yakarudi barabarani. Kwa nini wasinune? Kwao Passat ilikuwa hasara tupu: hadhi imeshuka, na shilingi iliyookolewa imekwenda Hazina. Mwenye gari alibaki kuwa serikali, mwenye mafuta serikali, na tairi likipasuka ni la serikali.

Rwanda ilishika njia nyingine. Katikati ya miaka ya 2000 iliyakusanya magari yake mengi na kuyauza, kisha maofisa wakasaidiwa kununua ya kwao. Hakuna aliyekatazwa gari kubwa. Ila anayelitaka alijua kwamba matairi manne ni yake, na kwamba kila akisimama kituo cha mafuta, fedha inayotoka ingeweza kuwa ada ya mtoto. Katika hali hiyo hahitaji kuhubiriwa kiasi.

Atakayenijibu kwamba Rwanda ina kilomita za mraba 26,000 tu na sisi tunazo zaidi ya 940,000, yuko sahihi. Mganga wa wilaya anayekagua zahanati za Ngorongoro wakati wa masika hawezi kupewa IST. Huyo anahitaji mkonga, ile Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyotoka mwaka 1984 na ambayo mpaka leo umbo lake halijabadilika sana: ngumu, haina mapambo, na fundi wa Loliondo anaweza kuitengeneza. Bei yake si ndogo, lakini kwangu hilo ni gari la kiasi, kwa kuwa kila shilingi iliyowekwa humo inafanya kazi. Naogopa sana mjadala unaolitia kapu moja na VX la mjini. Siku ya kubana matumizi ikifika, la zahanati ndilo litakalokatwa kwanza, kwa sababu wanaokata hawalipandi.

Kwa hiyo ningeanza na maofisa ambao kazi yao ni lami: nyumbani, ofisini, ukumbini. Hoja ya safari ndefu ya Dar es Salaam imepungua nguvu tangu Julai 2024, treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma kwa chini ya saa nne. Wapewe kiasi maalumu cha usafiri kila mwezi, kinacholingana kwa wa cheo kimoja, kisichohitaji fomu ya madai. Maana tunajua jinsi posho za safari zinavyoweza kulipwa kwa safari ambazo hazikufanyika. Atakayepanda treni, chenji ni yake. Atakayeng'ang'ania VX, atoe mfukoni.

Na sisi raia tusijitoe kwenye lawama. Mlinzi anayekimbilia kufungua geti kwa VX na kuikagua Vitz mpaka chini ya viti amefundishwa na jamii nzima, na ofisa anayeng'ang'ania shangingi analijua geti hilo.

Kigumu kuliko vyote, na sijaona kikizungumzwa, ni madereva. Mtu aliyeendesha STK miaka 20, mwenye leseni safi na familia Dodoma, hawezi kuambiwa kwamba bosi sasa anajiendesha, kwaheri. Halmashauri nyingi zina magari ya wagonjwa na uhaba wa watu wa kuyaendesha usiku. Uhamisho wa madereva hao kwenda huko upangwe kabla ya gari la kwanza kupelekwa kwenye mnada.