Zaire haikuwa nyimbo tu

Vitabu vinavyosifu Zaire ya miaka ya 70, sisi walimu wa huku Goma tumeanza kuvichoka. Picha ni zile zile: Franco na gitaa yake, vijana wa Zaïko, Ali akimwangusha Foreman kule Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, mabwana ndani ya abakosti. Kuziangalia ni vizuri, hatukatai. Wazazi wetu walizicheza nyimbo zile, hata bila kusikia Lingala yote.

Lakini abakosti haikuwa mapambo, ilikuwa amri! Tai ilikatazwa, na mwaka 1972 majina ya kikristo yakafutwa. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatachukuliwa. Wakubwa njo waligawana, kisha bidhaa zikakosekana. Franco mwenyewe alifungwa mwaka 1978 juu ya nyimbo zake. Na animation je? Watu wazima wanaacha kazi, wanaenda kumchezea kiongozi. Ukiona picha bila maelezo, utasema ilikuwa sikukuu.

Halafu sisi tuko wapi? Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ilimwaga moto, watu wakafa. Si ni miaka ile ile? Na wapiga gitaa wa Kivu, nani atawaandika? Tusingoje mchapishaji wa Paris. Wanafunzi wetu wa tano na wa sita wana madaftari: tuwatume kwa wazee, waulize nyimbo gani zilichezwa mtaani, ao nani alilazimishwa kucheza.